Arusha hadi Dar kwa Treni na Watoto Wadogo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wazazi wenzangu wamekuwa wakinisimulia habari ileile. Wanakata tiketi kwa furaha, wanapanda na watoto, na treni haijafika Same mmoja ameshatapika, mwingine analia usingizi, baba yuko chumba kingine na wali umechacha kwenye hotpoti. Wanaapa kurudi na basi.

Nimewasikiliza wote. Kosa ni moja: walijiandaa kwa safari ya basi. Basi unalivumilia mpaka ufike. Treni mnaishi humo. Mnakula, mnanawa, mnalala na kuamka humo, na mtoto anahitaji kila kitu anachokihitaji nyumbani usiku.

Si kosa letu kutojua. Treni ya abiria ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kuja huku, ikarudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Wengi wetu tulikua bila kufundishwa na mama zetu jinsi ya kulala na watoto ndani ya behewa. Mimi nilijifunza njiani, na watoto wawili, mkubwa akiwa na miaka mitano na mdogo bado ananyonya.

## Vitu vya kuandaa

Andaa siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari.

Karatasi: kitambulisho cha kila mtu mzima, nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya kila mtoto, tiketi, na fedha taslimu za noti ndogo. Wauza ndizi dirishani hawana muda wa kukutafutia chenji.

Kulala: shuka moja kwa kila kitanda, kanga tatu au nne, sweta na soksi za kila mtoto. Kanga ndiyo malkia wa safari hii: ni pazia, ni shuka, ni mbeleko, ni taulo.

Usafi: poti yenye mfuniko kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, pampasi za kutosha siku mbili hata kama safari ni ya usiku mmoja, karatasi za choo, sabuni ya kipande, lita tano za maji ya kunawia, na kopo pana lenye mfuniko kwa anayetapika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee rambo kama zamani. Beba mifuko ya kitambaa ya nguo chafu.

Dawa: pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa anayehara), dawa ya homa ya mtoto ambayo kipimo chake unakijua kwa uzito wake, kipimajoto, na dawa ya kupaka dhidi ya mbu inayoruhusiwa kwa umri wa mtoto. Mueleze mfamasia umri huo.

Mwanga na simu: tochi ndogo moja kwa kila mtu mzima na pawabenki iliyojaa. Usiingie treni ukitumaini kuchaji humo.

Mzigo: kila mtu mzima awe na begi la mgongoni tu, na mfuko mmoja wa pamoja wa chakula. Ukiwa na sanduku mkono mmoja na begi mkono wa pili, mtoto utamshika na nini?

## Hatua ya 1: Chagua siku, na siku ya kufika iache wazi

Treni hii haiendi kila siku. Ulizia ratiba stesheni au kwa Shirika la Reli, TRC, wiki mbili kabla, kisha uliza tena siku mbili kabla ya safari. Kwa kawaida inatoka Arusha mchana, inapita Moshi jioni, inazipita Same na Korogwe usiku, na kuingia Dar asubuhi. Muda hubadilika.

Msiweke harusi, kipaimara wala miadi ya hospitali siku ya kufika. Treni ikichelewa saa tatu, mzazi mwenye miadi anakuwa mkali, na watoto wanauhisi ukali huo kabla hujafungua mdomo.

Masika, Machi hadi Mei, siyo wakati wa kuanza. Mvua kubwa huharibu njia ya reli na safari zinaweza kusitishwa. Mimi napenda Juni hadi Agosti, ila jueni kwamba mtavaa masweta Arusha na kuyavua alfajiri, kwa sababu mnashuka kutoka karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari hadi ufukweni.

## Hatua ya 2: Fanyeni kwanza safari ya mazoezi, Arusha hadi Moshi

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kabla ya kumpeleka mtoto Dar, mpeleke Moshi tu.

Mkikaa Arusha, pandeni treni ya mchana, mshuke Moshi jioni, mlale kwa ndugu na kurudi kesho yake kwa Coaster. Mkikaa Moshi, pandeni basi asubuhi kwenda Arusha, mle chakula cha mchana, kisha mrudi na treni. Kwa barabara ni kama kilomita 80. Treni inachukua muda mrefu zaidi, na muda huo ndio mnaoutafuta.

Kaeni upande wa kushoto kama mnatoka Arusha. Mlima Meru unabaki nyuma yenu kushoto, na mkielekea Moshi Kilimanjaro unatokea upande huohuo. Mchana mara nyingi mlima umejifunika mawingu, lakini jioni hujifunua, na mtoto aliyeuona maisha yake yote kutoka barabarani atauona ukisogea taratibu dirishani mwake.

Katika safari hiyo angalia mambo matatu. Je, mtoto anatapika? Treni hutikisa kwa upole kuliko basi, lakini wapo wanaosumbuliwa, na hao wakae wakitazama mbele. Je, anakubali choo cha treni, au anakiogopa? Je, analala kwenye kelele? Andika majibu. Ndiyo yatakayokupangia safari kubwa.

Mazoezi yamekwenda vizuri mtoto akiuliza, mkishashuka Moshi, kwa nini hamuendelei. Akishuka analia na kushika kichwa, rudia baada ya miezi mitatu.

## Hatua ya 3: Kata tiketi ya chumba, si ya mtu mmoja mmoja

Hapa ndipo familia nyingi huharibikiwa.

Kuna daraja la tatu la kukaa, daraja la pili la kukaa, na daraja la pili la kulala. Kwa safari ya usiku na watoto wa chini ya miaka saba, chukua kulala. Najua tofauti ya bei inauma. Lakini mtoto wa miaka mitatu aliyekaa wima usiku kucha atakugharimu siku mbili nzima Dar, akiwa na homa ya uchovu na hasira, nawe huna nguvu hata ya kumpeleka baharini.

Sasa sikiliza vizuri. Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Ukikata tiketi za mtu mmoja mmoja, kwa kawaida wanawake hupangwa na wanawake, wanaume na wanaume. Mama anabaki na watoto wote pamoja na abiria asiowajua, na baba yuko mbali na poti, maji na dawa alizozibeba yeye. Si uonevu. Ni utaratibu wa heshima kwa wasiojuana.

Dawa yake ni kujaza chumba. Njia ninayoipenda ni familia mbili kuungana: shangazi na watoto wake, au jirani mnayeaminiana. Watu wazima watatu na watoto watatu wanatosha chumba kimoja, na gharama inagawanyika. Mkiwa wanne tu, pigeni hesabu ya kulipia vitanda viwili vilivyobaki.

Dirishani sema wazi: "Naomba chumba kizima cha daraja la pili kulala, familia moja." Kisha uliza maswali haya kabla hujatoa hela:

- Mtoto wa umri huu analipa nauli kamili, nusu, au halipi?
- Asiyelipa ana kitanda chake, au analala na mama?
- Namba za vitanda vyetu zote ziko chumba kimoja?
- Dar treni itaishia stesheni gani?

Swali la mwisho si la mzaha. Treni ya Arusha haiishii kwenye jengo lile refu la treni ya mwendokasi, na shemeji anayekuja kuwapokea akienda pasipo, mtakaa na watoto juani.

Soma tiketi zote ukiwa bado dirishani. Namba ya behewa ifanane kwenye kila tiketi. Safari moja niliweka tiketi mkobani bila kuzisoma, na usiku nikajikuta naomba watu wabadilishane vitanda huku mtoto amelala begani. Walikubali, Mungu awabariki, lakini hakuna aliyelazimika.

## Hatua ya 4: Pika kwa kufikiria saa

Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu. Wali wa nazi uliofungwa saa tano asubuhi na kufunguliwa saa mbili usiku ni kuhara kulikopakiwa kwenye hotpoti. Gawanya hivi.

Mlo wa kwanza uwe kamili, nyumbani, saa moja kabla ya kutoka. Ndizi za nyama, makande, chochote wanachokipenda, ila mafuta kidogo kwa anayetapika.

Alasiri wapeni vikavu: maandazi, chapati, karanga, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyopoa. Mayai ya kuchemsha yaliwe mapema na maganda yabaki juu mpaka wakati wa kula. Mtegee mtoto kitendawili, "nyumba yangu haina mlango," kisha mpe yai alimenye. Kazi hiyo peke yake inakula dakika kumi za safari.

Jioni nunueni kwenye behewa la chakula, au muagize kwa mhudumu mapema, mara tu mkishaondoka Moshi. Akishapita mara ya pili huenda vimebaki vya chini ya sufuria. Hakikisha chakula kinatoa mvuke.

Kwa anayekunywa maziwa ya kopo, beba unga mkavu na maji ya moto kwenye chupa ya chai, uchanganye wakati wa kunywa, na masalia uyamwage. Anayenyonya ana bahati kuliko wote, na mama yake anywe maji mengi.

Matunda ya dirishani nunueni yenye ganda: ndizi, machungwa, mapapai mazima. Yaliyokwishakatwa yaacheni.

## Hatua ya 5: Siku ya kupanda

Fikeni stesheni saa moja na nusu kabla. Si kwa ajili ya foleni tu. Mtoto anahitaji kuitazama treni ikiwa imesimama, kugusa ukuta wake, kukiona kichwa chake na kusikia honi akiwa ameshikwa mkono. Atapanda bila woga.

Andika namba ya simu ya mzazi kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, juu ya kiganja. Wape kauli moja tu ya kukumbuka: "Ukipotea, simama palepale." Maelezo marefu hayabaki kichwani.

Kupanda kuna mpangilio. Mtu mzima mmoja anatangulia na mfuko wa chakula na kukitafuta chumba. Wa pili anabaki chini na watoto. Aliye juu anapokea watoto mmoja mmoja kwa mikono miwili, wa chini anapandisha mabegi mwisho. Ngazi za behewa ni ndefu kwa mguu mdogo, na chini yake kuna uwazi. Mtoto asipande mwenyewe hata akisisitiza kwamba ameshakua.

## Hatua ya 6: Saa ya kwanza, panga nyumba

Msikimbilie dirishani. Kwanza futeni meza na vitanda. Tundika kanga kama pazia la kubadilishia pampasi. Poti, maji ya kunawia na kopo la kutapikia vikae pamoja chini ya kitanda kimoja, mahali mkono unapofika gizani. Nguo za usiku ziwe juu kabisa ya begi.

Kisha wapeleke watoto matembezi: huku choo, huku behewa la chakula, huku mlango. Mkifika mlangoni, simameni mbali na mwambie sheria: hapa hafiki mtoto bila mkono wa mkubwa. Milango ya mabehewa inaweza kuwa wazi treni ikitembea, na sehemu ya kuvuka kutoka behewa hadi behewa hucheza. Na kichwa wala mkono hautoki dirishani, kwa sababu matawi na nguzo hupita karibu mno.

Baada ya hapo dirisha ni lao. Mchoree mkubwa orodha ya stesheni aweke alama kila mkipita: Usa River, Moshi, Kahe, Same, Makanya, Hedaru, Mombo, Korogwe. Hatafika mwisho wa orodha kabla ya usingizi, na hilo ndilo lengo. Simu ifiche. Mtandao hukatika porini, na mtoto aliyezoea katuni huanza kulia katuni inapoganda.

Kama mtoto anacheza sakafuni na wewe umevua viatu, chumba kimekuwa nyumba.

## Hatua ya 7: Choo

Msiache mpaka aombe. Mpeleke kila baada ya saa mbili, na kila mara kabla ya kulala.

Vyoo vingi vya mabehewa ya zamani humwaga moja kwa moja relini. Kwa hiyo havitumiki treni ikiwa imesimama stesheni. Watu wanaishi hapo, wengine wanauza chakula hatua chache tu kutoka kwenye reli. Mfundishe mtoto hivyo, ataelewa.

Kwa wadogo tumia poti chumbani, ukaimwage chooni treni ikitembea. Kwa mkubwa, ingia naye, simama nyuma yake umshike kwapani, mguu wako ukizuia mlango usijigonge. Simu yako usiiweke mfuko wa nyuma. Choo safi zaidi ni cha mwanzo wa safari, kwa hiyo haja kubwa ihamasishwe mapema.

## Hatua ya 8: Usiku

Anza saa moja kabla ya muda wao wa kulala nyumbani, kwa mpangilio uleule wa nyumbani: kunawa uso na miguu, nguo za kulala, hadithi, sala. Mwili wa mtoto haujui kwamba yuko treni. Unajua kwamba baada ya hadithi ya sungura ni kulala.

Watoto wote walale vitanda vya chini, kichwa upande wa ukuta wa ndani, begi laini likizuia ukingo. Kitanda cha juu ni cha mtu mzima, kwa sababu treni ikifunga breki ghafla, aliye juu huanguka kwa kimo kizima cha chumba. Usimfunge mtoto kwa kanga kitandani. Nimeona mtu akifanya hivyo kwa nia njema, lakini kitambaa kinaweza kupanda shingoni.

Mpake dawa ya mbu na umfunike miguu, kwa maana mnashukia ukanda wa joto na chandarua hamna. Baada ya safari, homa yoyote ndani ya wiki chache ipimwe malaria, hasa kwa watoto wa Arusha mjini ambao hawaugui mara kwa mara.

Kila stesheni ya usiku, funga dirisha. Mkono kutoka nje unatosha kuondoka na simu au mkoba. Mlango ufungwe kwa ndani, na anayegonga aulizwe ni nani. Watu wazima mpeane zamu za kukesha mpaka usiku wa manane, kisha mtakuwa mmeshazoea.

Wengine hunipigia wakiuliza kama washuke Mombo ili wapande Lushoto, au Korogwe kwa bibi. Na watoto wadogo, usiku, hapana. Milima ya Usambara inafaa kwa basi la mchana. Kushuka gizani na watoto waliolala, ngazi ndefu na mabegi, ndiko watu wanakoumizana.

## Hatua ya 9: Kufika Dar

Asubuhi msiwaamshe wote pamoja. Mtu mzima mmoja afunge mizigo kwanza, wa pili awanywishe maji. Joto la Dar linawapiga watoto wa mlimani kabla hawajaona bahari, kwa hiyo sweta livuliwe mapema.

Mshuke wa mwisho. Waacheni wanaokimbia wakimbie. Kisha siku hiyo yote ni ya kuoga, kula na kulala. Mtoto atakayesema sakafu inatikisika hana ugonjwa, mwili bado uko relini. Akihara, mpe ORS kama pakiti inavyoelekeza, na mkimbize kituo cha afya akiwa hanywi, amelegea au ana damu kwenye choo.

Mkiwa na wiki nzima, treni ya mwendokasi, iliyoanza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata, inawafaa watoto waliokwisha kuizoea reli. Ila ina stesheni yake na taratibu zake, na ni safari ya saa chache. Hamtahitaji poti.

## Hatua ya 10: Kurudi

Kurudi kuna zawadi ambayo kwenda hakuna. Treni inatoka Dar mchana, kwa hiyo milima ya Upare mnaipita kunapopambazuka au karibu na hapo. Weka saa ya kuamsha kwa ajili ya Same, na uwe na chai ya moto kwenye chupa tangu jioni. Waamshe watoto taratibu, waketi upande wa kulia wamejifunga kanga moja.

Mawingu yakiwa mbali, Kilimanjaro utaonekana mzima kabla hamjafika Kahe, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Msianze kufunga mizigo hapo, hata mkiwa mnashukia Moshi. Kuanzia Kahe mtakuwa bado na muda wa kutosha.